Mtoto wa fidla mkalishe ubavuni

Mama mmoja ambaye binti yake anapiga fidla katika kundi letu la taarabu la vijana hapa Unguja alinisimamisha sokoni Darajani, akaniuliza bila ya kuzunguka: "Hivi mwalimu, wewe hasa unafundisha nini? Kila nikija kumchukua mwanangu nakukuta umekaa nao tu, unapiga. Anayesimama mbele ni yule kijana." Nikamwambia ndiyo kazi yenyewe hiyo, bibi. Hakuridhika. Akalipia pweza wake akenda zake, na mimi nikaona jibu langu lilikuwa fupi mno kwa mtu anayeniachia mtoto wake kila Jumamosi. Hili hapa ndilo jibu refu.

Yule kijana wa mbele ana kazi yake: anahesabu, anaanzisha, anakata, anamkumbusha mpiga ngoma ya dumbaki kwamba hapa si harusini. Sisi wengine, watu tunaokula kwa kupiga udi, ganuni na fidla, tumetawanyika katikati ya watoto. Kila kisimamio cha nota kina watu wawili, mmoja ambaye usiku analipwa kwa muziki na mmoja ambaye Jumatatu anarudi skuli. Mtoto anakaa upande wa ndani, ndiye anayefunua karatasi. Mkubwa anapiga kile kile alichoandikiwa mtoto, hazidishi mapambo, hapigi kwa nguvu. Kwa jinsi fidla inavyoshikwa, sikio la kushoto la mtoto limejaa fidla yake mwenyewe, na la kulia limejaa yangu. Somo lote linapita baina ya masikio hayo mawili.

Ukimsimamia mbele na kidole juu, anakutazama uso. Ukikunja uso anasita, ukitabasamu anaharakisha, na muziki wote unageuka kuwa mtihani wa kumridhisha mwalimu. Ukikaa ubavuni hana uso wa kuutazama. Anachopata ni sauti yako, kiwiko chako kinavyopanda ukibadilisha uzi, na ile pumzi unayoivuta kabla upinde haujagusa. Hiyo pumzi ni kitu kikubwa. Watoto wetu walipoanza walikuwa wanaingia mmoja mmoja kama watu wanaopanda daladala, kila mtu na wakati wake. Hatukuwahi kuwaambia "vuteni pumzi pamoja." Wakubwa walikuwa wanavuta, na baada ya Jumamosi kadhaa watoto wakaanza kuvuta nao, bila ya kujua kwamba wanafanya hivyo.

Sasa nieleze kisa cha sauti iitwayo sika, maana ndicho kilichonifanya niamini mpango huu kuliko maneno yoyote.

Binti wa huyo mama ana miaka 13. Fidla yake alianza kuijua kwa stika: vipande vinne vya rangi vilivyobandikwa shingoni mwa fidla, kidole cha kwanza hapa, cha pili hapa, mpaka cha nne. Ni njia nzuri ya kumwanzisha mtoto, sina ugomvi nayo. Lakini taarabu ina sauti ambazo stika haizijui. Tulikuwa na wimbo wa makamu ya rasti, makamu yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo unaufuata. Rasti ikianzia do, sauti yake ya tatu si mi ya piano wala si mi iliyoshushwa nusu, iko katikati, na hiyo ndiyo sika. Kwenye fidla, kidole cha kwanza juu ya uzi wa re kinatakiwa kirudi nyuma kidogo ya stika, lakini kisirudi kabisa. Yule binti ama alikuwa anakanyaga juu ya stika, ama anateremka mpaka chini kabisa, na wimbo unageuka huzuni ya filamu ya Kihindi. Kijana wa mbele alimweleza. Mwenzangu wa kisimamio cha nyuma akamchorea mshale kwenye karatasi, ukielekea chini. Akawa anautazama mshale, halafu anatazama stika, halafu kidole kinakwenda popote.

Upande wa pili wa chumba kulikuwa na mzee wetu wa ganuni. Ganuni ni sanduku la nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja, na kushoto karibu na funguo zake kuna vijiti vidogo vya chuma vya kunyanyua na kulaza, ambavyo mpigaji anavipindua kwa vidole ili kupandisha au kushusha sauti ile kidogo tu. Nikamwomba mzee aiweke sauti ya sika na aishikilie. Ganuni haiwezi kushikilia sauti, ukiigonga inakufa, kwa hiyo akawa anaigonga haraka haraka kwa zile kucha mbili zilizofungwa kwa pete kwenye vidole vyake vya shahada. Mimi nikaingia kwa fidla, upinde mrefu, sauti ndogo. Binti akaweka kidole chake. Sauti mbili zikiwa karibu karibu lakini si sawa, zinagombana, unasikia mtetemo unaopigapiga. Akateleza kidogo, mtetemo ukaongeza kasi. Akarudi upande wa pili, ukapungua, ukapungua, ukatulia. Hakuna aliyesema "hapo." Alifumba macho akakaa na ile sauti mpaka mzee mkono ukamchoka.

Jumamosi iliyofuata nikaona stika ya kwanza haipo. Gundi imebaki, chafu chafu, na zile nyingine tatu ziko pale pale. Sikumuuliza.

Na hata hapo hajafika. Akija kwenye bayati, makamu nyingine, atagundua kwamba kidole kile kile kinataka kukaa chini kidogo kuliko kwenye rasti, na kwamba wapigaji wawili wa zamani, wote mafundi, hawakubaliani ni chini kiasi gani. Hilo hutaliandika kwenye karatasi. Inabidi ukae karibu na mmoja wao, halafu siku nyingine ukae karibu na yule mwengine.

Watu hudhani huu mtindo wa kumkalisha mdogo na mkubwa tumeuiga Ulaya, kwa sababu siku hizi orkestra kubwa za kule nazo huwaalika vijana wakae nao jukwaani wapige pamoja. Mimi naona ni wetu tangu mwanzo. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 mpaka 1888, alipoipenda taarabu ya Misri alimtuma Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze ganuni. Yule bwana akakaa na wenye kujua, akarudi, akakaa na wasiojua. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa walipoanza 1905 walikuwa vijana wa mjini waliojikusanya kujifunzia pamoja. Siti binti Saad, mwimbaji wetu mkubwa, alikuja mjini kutoka Fumba, muuza vyungu, na mtu aliyekuwa ndani ya mambo ya taarabu ndiye aliyemsikia akamchukua kumfundisha. 1928 alikuwa Bombay anarekodi sahani za santuri. Hakuna hata mmoja hapo aliyepewa cheti. Kulikuwa na mtu na mtu karibu yake.

Mimi fidla niliipata kwa mjomba wangu, naye hakuwa mtu wa taarabu kubwa. Alikuwa mtu wa kidumbaki. Kwa wasomaji wa bara: kidumbaki ni muziki wa harusi za Ng'ambo, mitaa ya mjini nje ya Mji Mkongwe, na mashamba, dumbaki mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa, yaani vijiti vya kugonganisha, sanduku lenye uzi mmoja na fimbo linalofanya kazi ya besi, na fidla moja peke yake juu ya yote hayo. Nyimbo zinaungwa moja kwa moja, wanawake wanacheza, na mwenye fidla hana ruhusa ya kunyamaza mpaka wachezaji wenyewe wachoke. Wakubwa wengi mnaowaona kwenye orkestra za taarabu na suti zao walipitia huko kwanza. Mimi nilikaa nyuma ya mjomba na mikwasa mkononi, mtoto wa kike wa pekee asiyecheza. Hakunifundisha hata siku moja. Ila akiona nimekosea mdundo alikuwa anapunguza fidla, anaiteremsha karibu na sikio langu, mpaka nirudi njiani.

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofunguliwa 2002, kwenye jumba la zamani la forodha pale Mizingani, mimi nilikuwa mtu mzima ninayejua kupiga na nisiyejua kusoma. Pale ndipo nilipojua nota, na pale ndipo nilipokaa darasa moja na wasichana wenye udi mapajani, jambo ambalo utotoni mwangu lingezua maneno mtaa mzima. Taarabu ya Unguja ina waimbaji wa kike wakubwa tangu zamani, lakini ala zilikuwa mikononi mwa wanaume. Mariam Hamdani alipounda Tausi, orkestra ambayo wanawake wenyewe ndio wanaopiga, kuna wazee walisema haitamaliza mwaka. Wamemaliza mingi.

Kwa hiyo nina miguu miwili: mmoja wa kidumbaki, mmoja wa karatasi. Na kwenye kundi letu la vijana naona kwamba watoto wana mguu mmoja tu. Wanasoma nota vizuri kuliko mimi. Wape ukurasa mpya, wataupiga. Ondoa karatasi, wanazama.

Hilo lilionekana wazi tulipoanza kuwatayarisha kwa onyesho la Idd. Jukwaani kwenye taarabu mambo hayaendi kama yalivyoandikwa. Mwimbaji anafika kwenye ubeti uliomgusa mtu, mtu anainuka, anakuja taratibu mbele akicheza, noti ya elfu moja imeshikwa juu kwa vidole viwili ili watu waione, anamtunza. Nyuma yake wanakuja wengine watatu. Mwimbaji hawezi kuendelea na ubeti mwengine wakati anatunzwa. Anaurudia mstari ule ule, mara nyingine mara nne, mara nyingine nusu mstari tu, na orkestra nzima inatakiwa irudi naye. Nota haina pahala pa kuandika "hapa anakuja shangazi wa bwana harusi."

Mara ya kwanza tulipowapa mwimbaji wa kweli, watoto walifika mwisho wa ukurasa yeye yuko bado ubeti wa pili. Walimaliza, wakateremsha pinde zao, wakamtazama kwa heshima zote.

Basi tukafanya mazoezi ya kutunzwa. Tukawaomba mama zao waje na khanga zao na noti zao, waketi nyuma, wainuke wakati wowote wanaotaka. Wapigaji wakubwa tukapewa amri moja: msitazame nota, mtazameni mwimbaji mdomo, na mtoto wako atakufuata. Ilikuwa vurugu. Kijana wa kodiani alicheka mpaka akashindwa kuvuta kwa sababu aliyekuja kutunza ni bibi yake mzaa mama, na bibi alikuwa anacheza kwa bidii kuliko ilivyohitajika. Lakini mara ya tatu au ya nne nikamwona binti wangu wa fidla ameacha kutazama karatasi. Alikuwa anatazama upinde wangu kwa pembe ya jicho, na mimi nikimtazama mwimbaji, na tulipogeuka kurudi nyuma tukageuka sote. Baadaye nikafanya ujanja: nikateremsha fidla yangu kabisa, nikajifanya natafuta kitambaa mfukoni. Akaendelea. Akarudi na mwimbaji peke yake, mara mbili, na mwenzake wa nyuma akamfuata yeye.

Hapo ndipo unapojua kwamba kazi imefanyika, mtu mzima anapoweza kutafuta kitambaa.

Mzee wa ganuni hakubaliani na mengi ya haya. Yeye anaona tunawadekeza. Zamani zake, anasema, kijana alikuwa analeta kahawa, anabeba ala, anafunga milango ya klabu, na baada ya muda mrefu ndipo anaruhusiwa kugusa rika, yaani tari ndogo, si ganuni. Watoto wanamwamkia shikamoo maalim kwa sauti ya woga, naye anaitika marahaba bila ya kuinua macho. Kuna Jumamosi alimtoa nje kijana aliyekuwa anatafuna ubani wakati mwenzake anapiga taksimu ya udi. Wazazi walilalamika. Mimi kuhusu kahawa na milango siko naye. Nimeona vipaji vingi vikizeekea mlangoni. Kuhusu ubani niko naye kabisa. Mtu akiwa peke yake kwenye taksimu, anatafuta njia kutoka makamu moja kwenda nyingine bila ya ngoma wala mwenzake, na wewe umekaa jukwaani, kazi yako ni kusikiliza kwa mwili mzima. Hadhira inakuona. Na yeye anakusikia ukimsikiliza, usinibishie, kila mpigaji anajua.

Tena mzee hasifu. Sisi wengine tunasema "vizuri sana" mpaka neno limechakaa. Siku aliyosema "mh" baada ya yule binti kupiga, binti aliondoka anaruka.

Kuna mafunzo mengine ambayo si ya muziki wala huwezi kuyaepuka. Mji wetu una unyevu, na masika ndiyo balaa: mbao zinavimba, funguo za fidla zinagoma kugeuka, gundi inaachia na fidla inafunguka ubavuni, nywele za upinde zinarefuka na kulegea. Fidla nyingi za watoto ni za bei rahisi, zimekuja na wageni au zimeagizwa, na fundi wa kweli wa kuzitengeneza kumpata ni kazi. Kwa hiyo kila mtoto anajifunza kwa mkubwa wake: kulegeza upinde kila ukimaliza, kufuta vumbi la ulimbo juu ya mbao kabla halijaganda, kusugua chaki kidogo kwenye ufunguo unaoteleza, kutoiacha fidla ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa dakika za kununua maji. Kubadilisha uzi mmoja mmoja, usifungue zote kwa pamoja, daraja litaanguka na kile kijiti cha ndani kinachobeba sauti kitaanguka nalo, na hapo utamtafuta fundi mpaka uchoke. Mtoto wa selo, ile fidla kubwa inayopigwa imesimamishwa chini, alibadilisha uzi wake wa kwanza huku ameuma ulimi, na mpiga besi wetu, ambaye mchana yuko bandarini, amekaa naye akimshikia daraja kwa mikono yote miwili.

Na kuna pesa. Hili nitalisema kwa ukali kidogo.

Hoteli moja ya pwani ya mashariki ilitaka kundi la vijana lipige kwenye chakula cha usiku cha wageni. Sharti lao: watoto watapata "nafasi ya kujulikana" na soda. Nauli hawakuitaja. Kurudi mjini usiku hawakukutaja. Yule kijana wetu wa mbele, ambaye ana moyo mwema kupita kiasi, alitaka kukubali kwa sababu watoto walikuwa wamefurahi. Hapa wapigaji wakubwa tukaingia kati. Sisi tunalipwa kwa kazi hiyo hiyo kwenye hoteli kama hizo. Tunajua bei yake. Mtoto akipiga bure leo, kesho mwenye hoteli atatuuliza sisi kwa nini tunataka pesa. Na mtoto mwenyewe atakuwa amejifunza kwamba muziki ni kitu unachopewa soda. Tukaandika kwenye karatasi: gari la kuwapeleka na kuwarudisha mpaka milangoni, chakula cha moto kabla ya kupiga, malipo kwa kila mtoto mkononi mwa mzazi. Wakakataa. Tukakaa mjini. Watoto wawili walilia, na mpiga besi akawachukua Forodhani kula urojo, kwa fedha yake.

Mwanamuziki wa kazi akimlea kijana lazima amfundishe na hili, kwa sababu hakuna mwengine atakayemfundisha. Skuli hawajui bei ya saa moja ya fidla. Wazazi hawajui. Nikiwa na binti ubavuni mwangu nataka ajue kidole cha sika kiko wapi, na nataka ajue kuuliza, kwa adabu na kabla ya kutoa ala kwenye mfuko, nani analipa, kiasi gani, na nani ananirudisha nyumbani.

Suala la kurudi nyumbani kwa wasichana ni zito kuliko yote. Taarabu ni ya usiku. Wazazi wengi hawana tatizo na fidla, wana tatizo na saa sita za usiku, na mimi siwalaumu. Tulikuwa na msichana wa nai, ile filimbi ya mwanzi, pumzi ya ajabu, baba yake akamtoa baada ya gari la kuwarudisha kuchelewa. Ndiyo sababu sasa onyesho la watoto linaanza baada tu ya sala ya isha, linakatwa mapema hata kama watu wanataka zaidi, na mimi napanda gari la mwisho na kumfikisha kila msichana mlangoni, nagonga, nasubiri mama afungue. Mama wa Darajani hajawahi kuniuliza kuhusu hili, lakini na hili pia ndilo ninalofundisha.

Watoto wenyewe, mkitaka kujua, wanapenda taarabu ya kisasa. Kinanda, gitaa la besi, vijembe. Wazee wangu hukunja pua. Sisi tunapiga wimbo mmoja wa namna hiyo kila mwisho wa mazoezi, na wanaupiga kwa furaha ambayo bashrafu, ile miziki ya zamani ya ala tupu, haiwapi, na hakuna aliyekufa. Nilichogundua ni kwamba mtoto aliyekwisha kusikia sika kwa ganuni humwomba mwenzake wa kinanda aiweke sawa ile sauti. Wenyewe kwa wenyewe, bila ya mimi.

Nimesoma habari za Ghetto Classics, orkestra ya vijana ya Nairobi, walioanza 2008 na watoto wa mtaa wa Korogocho, na sasa waliokuwa watoto wale ndio wanaowafundisha wadogo zao. Nikamwonyesha mzee wa ganuni video yao kwenye simu. Akatazama mpaka mwisho, akauliza mambo mawili tu: kwa nini hakuna ganuni, na wale wadogo wanakaa na nani.

Ramadhani ikiingia tunafunga ala. Ngoma hazipigwi, mazoezi yanasita, na kila mtoto anakwenda na fidla yake nyumbani na maelekezo ya kuipiga pole pole, mlango umefungwa, asimkere jirani anayesoma. Wiki ya mwisho kabla ya Idd ndiyo ya wasiwasi, maana hatujui nani atarudi na vidole na nani atarudi na visingizio. Mwaka jana walirudi wote, isipokuwa mpiga cherewa aliyehamia Pemba na cherewa zetu.

Tatizo letu la sasa ni selo. Yule kijana wa selo anakaa na mpiga besi, kwa sababu hakuna mwengine, na mpiga besi anamfundisha kwa mapenzi yote, lakini anamfundisha selo kama besi. Kijana anavuta sauti nzito nzuri chini, na kila nyimbo ikimtaka apande juu kuimba pamoja na fidla anasita, maana hajawahi kuisikia selo ikipanda karibu yake. Rikodi tumempa, ila rikodi haina kiwiko. Kama unapiga selo na uko mjini, hata kama hujui kufundisha, hasa kama hujui kufundisha, tunaanza Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri. Njoo na ala yako. Kiti kipo, upande wake wa kulia.